Shati Jeupe la Baba kwenye Fulana Nyeusi

Songea

Mwangaluka, mayu, mama yangu mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Umeanza kwenda kanisani bila kushikwa mkono? Na mvua huko Lingeka, imeifikia pamba au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili mzima. Moyo ndio hauna amani, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenionea huruma kabla sijamaliza kusema.

Mayu, picha ya baba niliiharibu mimi.

Mliponitumia ile picha aliyosimama mbele ya ukuta wa kanisa, mliniomba niuondoe ukuta abaki baba peke yake, achapwe kwenye fulana nyeusi za misa ya kumbukumbu. Nyumbani mnajua mimi ni fundi wa kompyuta. Ukweli ni kwamba hapa dukani natoa kopi na kuchapa barua za watu. Kazi ya picha sikuwahi kuifanya, nikaona aibu kusema.

Nikapakua programu ya bure. Ukibofya rangi moja, inaifuta rangi hiyo yote. Nikabofya ukuta mweupe, ukatoweka, nikafurahi kama mtoto. Kumbe shati la baba na mvi zake vimefutika pamoja na ukuta, maana navyo vilikuwa vyeupe. Sikugundua, kwa sababu kioo cha kompyuta kilikuwa cheupe pia, matundu yakaonekana kama shati.

Fulana ya kwanza ilipotoka kule Bariadi, baba alikuwa uso na mikono tu. Kifua hakuna. Baba mdogo akanipigia akiwa palepale dukani kwa Masanja mchapaji.

"Minza, huyu ni kaka yangu au mzimu?"

"Ni huyo mchapaji," nikajibu haraka. "Mimi nilituma picha nzima."

Nikamsikia anamgeukia Masanja, anamwita mlevi na mwongo mbele ya wateja wake. Simu ilikuwa bado sikioni mwangu, mayu. Sikusema neno. Mkaenda kwenye misa bila fulana.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikampigia Masanja. "Kaka, kosa lilikuwa langu."

"Najua," akasema. "Alipoondoka baba yako mdogo nilifungua ile picha uliyotuma, nikaona matundu."

"Mbona hukumwita umwonyeshe?"

"Mlikuwa mnamlilia mzee wenu. Ningemwongezea mtu msiba?"

Nimeirudia picha kwa mkono, nikifuata ukingo wa shati polepole kuanzia kola hadi kiwiko, na nyuma yake nikaweka rangi nyekundu ili tundu likiwepo nilione. Baba ametoka mzima. Lakini hilo halimrudishii Masanja heshima yake.

Kwa hiyo naomba Kabula, mdogo wangu anayekusomea, aisome barua hii kwa sauti mbele ya baba mdogo, asiruke kitu. Kisha baba mdogo aipeleke kwa Masanja saa ambayo duka lina watu, wasomewe na wao.

Nisalimie shangazi aliyebaki kukuuguza, na shemeji aliyeko na ng'ombe Mwanhuzi. Baba mdogo simwandikii salamu humu. Nitampigia mwenyewe mkishamaliza kusoma, na akinitukana nitanyamaza.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Minza