Nywele Nilizonyoa

Zahanati ya Ringwani,
19 Novemba 1959

Kwa kaka yangu Matiko Waitara,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, mama, shemeji Gati na watoto wote, na kwamba mvua zimewafikia kama zilivyotufikia sisi. Mimi ni mzima wa mwili. Baiskeli ya kazi nayo ni nzima, ila breki ya nyuma imegoma. Mwambie shemeji kwamba ugali wa huku ni mzuri, lakini naula peke yangu, na ugali wa mtu mmoja hata uive vipi hauna utamu.

Kabla ya habari nyingine, naomba umtulize mama. Hezekia mchuuzi wa ng'ombe alipita hapa Jumatatu akanikuta nimenyoa kichwa chote, akaniuliza ni nani amefariki kwetu. Sikumjibu vizuri. Unamjua Hezekia, habari ikitoka kwake moja hufika kwenu tatu, na kwetu mtu hanyoi hivi ila kwa msiba wa ndugu. Basi mwambie mama asianze kulia. Hakuna wa kwetu aliyekufa. Kwa nini nimenyoa nitakueleza hapo chini, na nikishaeleza nataka shauri lako, maana Jumapili nimeitwa nisimame mbele ya watu niseme jambo, na sijui kama nina haki ya kusimama.

Nadhani mmesikia juu ya lori lililoanguka huku wiki mbili zilizopita. Lilikuwa likitoka mnadani, juu limejaa watu na magunia, likafika kwenye daraja la magogo hapo chini ya zahanati, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Mvua ilikuwa imelegeza udongo. Gogo moja likateleza, lori likalala ubavu mtoni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa dawa kufika, na wa pili hakufika mpaka saa kumi. Nilikuwa na kisanduku changu cha bati, iodini, pamba, bandeji na mkasi. Watu walikuwa thelathini na mmoja.

Kaka, nimeshafunga vidonda vingi tangu nisomee kazi hii ya udresa, lakini siku ile nilijiona mtoto. Bandeji zilikwisha kabla sijafika nusu ya watu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama mmoja wa Kijaluo, muuza dagaa, alivua kanga yake ya juu akaipasua vipande, na wanawake wa Kingoreme waliokuwa wakilima karibu wakaja wakapasua zao. Vijana wa Kikurya na Waikoma waliliinua lori kwa miti, mmoja anaimbisha kwa lugha yake, wengine wanaitikia kwa zao, na lori likainuka. Hakuna aliyeuliza ng'ombe wa nani waliibwa na nani mwaka jana. Nilisema moyoni kwamba nchi wanayoihubiri watu wa chama kinachodai uhuru nimeiona kwa macho yangu, tena imelowa matope mpaka magotini.

Umoja wetu ulidumu mpaka saa tisa. Ndugu wa wafu walipofika, kila watu walichukua wao. Waliokufa walikuwa saba. Wajaluo walibeba wawili, Wangoreme wawili, Wakurya mmoja, Waikoma mmoja. Wale waliokuwa wameimba pamoja wakaondoka kila mmoja kwa njia yake, na mwimbishaji wao hakuagana na mtu. Siwalaumu, maiti lazima ilale kwao. Lakini akabaki mmoja.

Huyu aliyebaki alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, shati la kaki, viatu miguuni, na mfuko wenye boksi la chaki na ubao mdogo wa kuandikia. Mfukoni mwa shati alikuwa na kadi ya chama. Maji yalikuwa yamefuta wino wote, likabaki jina moja tu, Stanslaus. Wangoreme walimtazama wakasema si wao. Wajaluo wakasema si wao. Wakurya wenzetu walimtazama kwa muda mrefu kuliko wote, wakasema hawamjui, na mtu asiyejulikana ukoo wake huwezi kumzika nyumbani kwako, hujui anakuletea nini. Nikatuma habari vijiji vya Machochwe na Robanda, hakuna aliyekuja. Siku ya pili ilibidi nimzike mwenyewe nyuma ya zahanati, mimi na mfagiaji wetu Method. Tulichimba tangu asubuhi. Hakuna mwanamke aliyelia, hakuna mtu aliyenyoa.

Sasa nije kwenye hilo la Jumapili. Hapa kuna katibu wa chama, Joram, Mjaluo mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, mtu mwema ambaye hunikaribisha chai kila anapokumbuka kwamba sina mtu. Ameandaa mkutano mkubwa baada ya ibada. Amenitangaza kila mahali kwamba dresa wa Ringwani, Mkurya, aliwahudumia watu wote darajani bila kuwauliza kabila, na kwamba nitasimama niwaambie watu maana ya umoja. Wazee wananipa mkono njiani. Watu ambao kwa miaka miwili walinipita kama nguzo ya ua leo wananiletea maziwa. Nilivyoutamani urafiki wao, kaka, ungenionea huruma. Na sasa umekuja, siwezi kuumeza.

Ukweli ni kwamba niliuliza.

Wewe unajua tulivyolelewa. Mgeni akifika kwa baba, kabla ya kigoda anaulizwa yeye ni wa nani, ukoo gani, mwiko wao ni mnyama gani. Hata mimi nilipofika hapa niliulizwa kabla ya kupewa maji, nikahesabu mababu mpaka wa tano kwa majivuno. Basi darajani mdomo wangu uliuliza kabla mikono haijafanya kazi. Kila niliyeinama juu yake nilimuuliza ni wa nani. Na aliyenijibu kwa ukoo ninaoujua, kaka, mikono yangu ilikuwa miepesi zaidi kwake. Sikupanga hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Stanslaus alikuwa hai nilipofika. Alikuwa ameketi, ameegemea tairi, mkono tumboni, hana damu hata tone. Nilimuuliza yeye ni wa nani. Akasema ni Mtanganyika. Nikamwambia sina muda wa siasa, nataka kujua ni mtu wa wapi, ni wa kabila gani. Akatabasamu kidogo, akarudia lile lile. Hasira ilinipanda. Niliona ananidhihaki mbele ya watu, tena huku nimechoka. Nikamwambia basi Tanganyika ije imfunge bandeji. Nikamwacha, nikaenda kwa kijana wa Kikurya, mtu wa upande wetu kabisa, aliyevunjika kidole cha mguu. Kidole, kaka. Nilikifunga vizuri sana. Niliporudi, Stanslaus alikuwa bado ameegemea tairi, macho wazi, na mkono bado uko tumboni.

Najua utakalosema, kwamba damu ilikuwa ikimwagika ndani na dresa hana dawa ya hiyo. Hata mimi nimejiambia hivyo. Lakini nisingeweza kukaa naye? Nisingeweza kumshika mkono? Alikuwa mtu pekee pale aliyenijibu kwamba mimi na yeye ni watu wa mahali pamoja, nami ndiye niliyemwacha afe kama mgeni.

Ndiyo maana nimenyoa. Nilinyoa mwenyewe kwa wembe wa zahanati, kwa kuwa mtu haendi kaburini bila hata kichwa kimoja cha kumlilia. Katika daftari la zahanati kuna nafasi ya kabila, na yake nilikuwa nimeiacha wazi. Jana niliandika alilonijibu.

Nilipoanza barua hii nilitaka shauri lako, lakini kuandika kumenishauri. Jumapili nitasimama, na nitawaambia haya niliyokuambia, pamoja na kile kidole. Joram ataaibika, na maziwa yatakoma. Nitarudi kula peke yangu, nimezoea. Wakinihamisha nitakujulisha.

Msalimie shemeji Gati, wajomba zangu, na dada Bhoke mkionana naye. Watoto waambie wasome. Na nisamehe kwa neno moja nililokuandikia hapo juu, kwamba hakuna wa kwetu aliyekufa. Karatasi hii ndiyo ya mwisho, siwezi kuandika upya. Mama akiuliza nimemnyolea nani, usimwambie hakuna. Mwambie ni Stanslaus.

Ni mimi mdogo wako,
Mseti Waitara