Wilmer Haji Tena

Nyumba ya Wageni ya Bibi Hersilia,
Tunja, Kolombia.
19 Juni 1996

Mpendwa Shangazi Ragna,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza makali sasa majira ya joto yameingia huko Lemvig. Kifua cha Mjomba Villads kinaendeleaje? Na yule mbweha, bado anakupunguzia kuku? Sisi ni wazima wa mwili, ingawa mume wangu Aksel amekonda hadi suruali inamvuka. Huku ni juu milimani, baridi ya asubuhi ni kama ya kwetu mwezi wa Aprili, na mvua haina aibu.

Najua unangoja habari za mtoto. Kaa kitako kwanza, Shangazi. Wilmer haji tena.

Tulikabidhiwa tarehe ishirini na saba Mei. Miezi kumi, mashavu mekundu ya watoto wa milimani, nywele zimesimama wima. Afisa wa ustawi, Bibi Otilia, alituagiza tukae naye hapa wiki sita mpaka hakimu atoe uamuzi wa kumfanya mwanetu kisheria. Siku ya kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya nne alilala kifuani kwa Aksel, naye Aksel akakaa saa mbili bila kunyoosha mguu kwa kuogopa kumwamsha. Siku ya tisa alinishika pua akacheka. Nilikuwa mama, Shangazi. Kwa siku kumi na moja nilikuwa mama.

Siku ya kumi na mbili mvua ilikatika. Nilimlisha uji, nikamvika kofia ya sufu, nikamlaza kwenye kigari na kumfunika vizuri, tukaenda naye mkahawani. Hapo nikafanya kile ulichofanya wewe, alichofanya mama, na anachofanya kila mwanamke wa Lemvig: nikakiegesha kigari nje chini ya dirisha, mtoto alale kwenye hewa safi, nasi tukaingia kunywa kahawa. Nilikuwa namwona kupitia kioo. Wewe ulitulaza chini ya mtufaha hata theluji ikidondoka, na kadiri pua zetu zilivyokuwa nyekundu ndivyo ulivyojisifu. Sikuwaza hata kidogo, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Hatujafika nusu ya kikombe, muuza viazi mmoja akaanza kuita watu. "Jamani, njooni muone. Kuna mtoto katupwa hapa." Nilipotoka alikwisha mpakata ndani ya shali yake, na hataki kunipa. Nikamwambia ni wangu, kwa Kihispania changu cha kuokoteza.

"Angekuwa wako ungemwacha kwenye baridi kama mbwa?"

Polisi wakaja, wakamwita Bibi Otilia, akaondoka naye.

Kesho yake tuliitwa ofisini. Mkalimani wetu ni Nubia, binti wa hapa aliyesomea huko kwetu Copenhagen. Aksel alijieleza nusu saa nzima: vipimo vya baridi, uzito wa blanketi, taifa zima lililokua likilala nje. Bibi Otilia alimwacha amalize.

"Bwana, mimi nakuamini. Ila faili lake mlisoma? Huyu aliokotwa mlangoni pa soko, ndani ya boksi, alfajiri na baridi yake. Sasa mnataka nikamwambie nini hakimu?"

Tulilisoma, Shangazi. Tulilisoma faili lile mpaka kona zikakunjika.

Si mwanamke mbaya. Alitoa karatasi moja, kwamba tunakiri tulimwacha mtoto nje bila uangalizi, na tunakubali kuchunguzwa miezi mitatu tukiwa naye. "Akisaini mmoja wenu, yeyote, inatosha, na leo mnarudi naye. Ikifika saa kumi sijapata saini, natafuta familia nyingine."

Aksel akaisukuma. "Sisaini uongo. Hakukaa bila uangalizi hata dakika moja."

"Kaka yangu, ni karatasi tu hiyo," Nubia akamwambia. "Saini, umchukue mwanao."

"Uongo ukiwa kwenye karatasi unakuwa ukweli?"

Unamjua. Ni mtu aliyejipeleka polisi mwenyewe kwa kugonga sanduku la barua la jirani. Ofisi ilipofungwa tulitoka mikono mitupu, na juzi tuliambiwa Wilmer amekwisha pewa watu wengine.

Tiketi zetu ni za tarehe kumi Julai na hazibadilishiki, kwa hiyo bado tupo hapa, tunakula supu ya Bibi Hersilia na kukwepa njia ya sokoni. Nakuomba jambo moja. Mwambie jirani Gudrun asipandishe bendera ya kumpokea mtoto siku tutakayorudi, na wale aliowapanga kusimama barabarani na vibendera awatawanye. Kitanda kidogo kitolewe chumbani kabla hatujafika.

Najua huko lawama zitamwangukia Aksel, na wewe hujawahi kumpenda sana. Usimlaumu. Alipoisukuma ile karatasi ilisimama mbele yangu, na kalamu juu yake. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nilikaa nayo dakika arobaini, nasikia watoto wakilia chumba cha pili, na nilijua kilio cha Wilmer ni kipi. Niliona haya, Shangazi. Niliona haya kuweka jina langu chini ya maneno yale, watu wakinitazama. Saa kumi Bibi Otilia akaichukua.

Aksel anadhani nilinyamaza ili kumuunga mkono. Jana alinishukuru.

Nisalimie Mjomba Villads, Gudrun, na binamu Inger na wanawe. Mungu akupe usingizi mwema na akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Tove