Betri ya Verlyn Imezima Barafuni

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimebaki kuongea na masufuria. Mume wangu Verlyn ana ule ugonjwa wa kutetemeka mikono, na tangu kaka yake Orrin afariki hana mwenzake wa kuvua naye, ila kila majira ya baridi bado anakwenda kuvua kwenye ziwa lililoganda kwa sababu watoto walimnunulia keekee ya betri ya kutobolea barafu, na akishakaa juu ya ndoo yake pembeni ya tundu anakuwa Verlyn yule aliyenioa, anatania, anakula, hata mikono inatulia. Sasa betri inamwangusha. Alikuwa seremala, na enzi zake aliyechaji betri kabla haijaisha kabisa alionekana mjinga, kwa hiyo anaikamua mpaka inyamaze, kisha akirudi anaichomeka palepale bandani, kwenye baridi ya kugandisha mate, na inashinda kwenye chaja hadi safari nyingine. Chaja yenyewe imeandikwa ubavuni kwamba betri isichajiwe ikiwa na baridi! Nilipogusia tu akanijia juu: "Lorna, miaka yote nashika betri wewe ulikuwa wapi? Kaanga samaki wako!" Jumamosi nilikwenda naye, keekee ikazima katikati ya barafu, maji hata hatujayaona. Akachukua mtaimbo wa Orrin, mikono ikakataa. Akaketi kwenye ndoo akalia, mshauri, mwanamume ambaye hakulia hata tulipomzika Orrin. "Chaji imeisha," akasema. "Yake na yangu. Kibanda cha kuvulia kiuzwe." Nikimwambia kosa ni lake, namnyang'anya hata ufundi uliombakia. Nikinyamaza, atakaa dirishani mpaka afe. Nifanyeje?

Lorna, Bemidji

Pole sana, mama. Barua yako imeniuma. Lakini nawe umezidi: unamwacha mzee aamini kwamba amekwisha yeye, kumbe kilichokwisha ni betri! Huko si kumstahi, ni kumzika mapema.

Mwambie leo, akiwa ameshiba. Usianze na "umekosea". Mwambie kweli, kwamba betri za useremala wake zilitaka vile, na hizi ni ukoo mwingine. Hizi hazipendi kukaushwa, kwa hiyo akiona nguvu imepungua aichomoe, aweke ya akiba. Akitoka ziwani isiguse chaja mpaka ikae ndani ya nyumba na ubaridi uitoke kabisa. Ikijaa, itoke kwenye chaja. Barafu ikiyeyuka, msiihifadhi tupu wala imejaa. Nusu yatosha, ndani, pakavu. Ile ya zamani imekufa, usiibembeleze. Ipeleke wanakopokea betri mbovu, nunua nyingine na ya akiba. Na kibanda hakiuzwi!

Kisha mpe kazi. Mkienda ziwani, betri isipigwe na upepo pamoja na ndoo. Aibebe yeye ndani ya koti, kifuani, iwe na joto mpaka mfike kwenye tundu. Kazi hiyo haitaki mikono iliyotulia, na wewe usimwonee huruma akiifanya.

Sitakudanganya, mama. Ipo siku betri itakuwa nzima na Verlyn hataweza kuishika keekee. Siku hiyo usilie mbele yake, wala usimhubirie. Ataitoa betri kotini, ikiwa bado na joto lake, akupe. Wewe utoboe.