Mvi Zako Ndani ya Kiota

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ulimi wangu haujui kukuanza vinginevyo.

Nakuandikia hapa hapa Rågsved, huku ughaibuni kwenye baridi, mezani jikoni, chai ya tangawizi imeshapoa. Tangu tukuzike kabla ya theluji ya kwanza, balkoni nilikuwa nimeifunga. Viatu vyako vya matope bado viko mlangoni. Mama Béa, jirani yetu Mkongo, kila akipita anavipanga vizuri, kisha anajifanya hakugusa kitu.

Februari ikaisha, na ile kazi yako ya kila mwaka haikungoja. Wale ndege wako wadogo wa buluu na manjano wakaanza kuchungulia kile kisanduku ulichowatundikia kwenye mti mweupe mbele ya dirisha letu. Nikakumbuka masomo yako: kiota cha zamani kitolewe, viroboto wasije wakawanyonya vifaranga, kisanduku kisuuzwe kwa maji ya moto, sabuni marufuku. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ulikuwa ukisema, "lakini kwanza mwenyeji afagie!"

Basi Mama Béa akashika ngazi, anapiga kelele kwa Kifaransa utadhani napanda mnara, nikakiteremsha. Nikakifungua. Mjomba, nikaona mvi zako.

Zilikuwa zimetandikwa katikati ya kiota, pale mayai yalipolala mwaka jana. Ndevu zako! Wallahi nilikaa chini kwenye theluji.

Unakumbuka tulivyokuwa tukigombana? Kila theluji ikiyeyuka unapunguza ndevu balkoni na kuziacha pale pale, mimi nafoka. Kwetu Tanga nani anaacha nywele ovyo? Bibi alitufundisha kuzifukia, kwamba ndege akizijengea kiota utaumwa kichwa mpaka uchanganyikiwe. Wewe unacheka tu: "Waache watandike, mwanangu. Nchi hii ina baridi."

Wiki tatu kisanduku kilikaa hapa mezani. Nilishindwa kukisafisha, maana sikuwa na kitu kingine cha mwili wako. Ndege wanakuja mtini, wanatafuta, wanaondoka. Kila asubuhi nikienda kazini najiambia kesho. Mwishowe Mama Béa akanipasulia: "Dada, ile nyumba ni ya bandege, haiko yako."

Nilikasirika, lakini usiku ule nikakumbuka mwaka niliofika. Majira yote ya baridi nimejifungia chumbani, nalia. Hukunihubiria. Ulinipa nyundo na mbao, ukasema kuna watu watakuja na hawana pa kukaa. Watu! Mimi nikadhani ni wapangaji, nikagongelea misumari kwa hasira, nikapinda nusu yake. Vifaranga wa kwanza walipolia ndani ya kisanduku kile, nilikuwa nimeshasahau kulia mimi. Asante kwa nyundo ile, Mjomba. Asante kwa kunifungulia mlango wako, na kwa kutonihesabia misumari.

Jumamosi nikakitoa kiota. Nikakifukia chini ya mti, na mvi zako ndani yake, kama Bibi alivyotaka. Nililia, sikufichi. Kisha nikamwaga maji ya moto, nikakausha kisanduku, nikakipandisha. Halafu nikafungua balkoni, nikakaa kwenye kiti chako, nikachana nywele zangu. Zilizotoka nikaziacha juu ya ukingo. Bibi angenichapa!

Leo asubuhi nimemwona ndege mmoja ana nywele nyeusi mdomoni, anaingia nazo ndani. Nimesimama dirishani nacheka peke yangu, machozi yananitoka.

Basi pumzika, Mjomba wangu. Mungu akupe nyumba yenye nafasi, wewe uliyewapa wengi nyumba. Nakuahidi, kila Februari nikiwa hai nitafagia, na mlango hautafungwa tena.

Kichwa, mpaka sasa, hakijaniuma.

Mpwa wako,
Zuhura