Mwanamke Anayehesabu Shanga Zangu

Alhamisi, Jinja. Mvua imepiga mabati asubuhi nzima, kisha jua limetoka kama vile halihusiki. Leo simwamini mtu, hata jua.

Yule mwanamke amekuja tena dukani. Mara ya tatu wiki hii, na hanunui. Anashika mkufu mmoja mmoja, anaanzia kwenye fundo, midomo inacheza. Anahesabu. Mteja wa kweli hutazama rangi, kisha bei, kisha kioo. Anayehesabu shanga ametumwa.

Halafu anasema Kiswahili. Hapa Jinja anayekuanza kwa Kiswahili ni askari, ni Mkenya, au ana jambo. Mimi mwenyewe nimelelewa nacho, nyumba ya Waislamu, lakini nikikisikia kwa mgeni mkono unaenda kwenye droo ya pesa.

Nilijua ametumwa na jirani yangu wa mtaa wa pili, anayeiga kila ninachotunga, hata makosa.

Niseme ukweli kuhusu kazi yangu, maana humu daftarini nimewahi kuupamba. Sikusomea usonara popote. Nilijifunza nikiwa msichana, pua kwenye kioo cha sonara wa Kihindi, mpaka mkewe akaanza kuniletea chai kwa huruma. Kwake nilipata kusokota waya wa shaba. Kwetu Busoga nilichukua gome la mutuba, mti wa kutengenezea nguo za magome. Lakini kinachonitambulisha ni kingine: katika shanga nyekundu na nyeupe, ushanga mmoja wa buluu, wa saba kutoka kwenye fundo. Kila lebo yangu inasema, "Urithi wa bibi."

Bibi yangu hakuvaa kitu shingoni ila funguo za stoo.

Uzi wa kwanza niliununua Mbale, kwa muuza vitu vikuukuu, ukiwa chini ya vijiko vilivyopinda. Nikaona ule wa buluu, nikadhani mtungaji alipitiwa. Nikalipenda kosa lake, nikalifanya langu.

Leo mwanamke ameuliza waziwazi: "Dada, hii ya buluu ulitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa wa Malukhu?"

Anaitwa Nambozo. Malukhu, Mbale, ndiko kwao. Mama yake alikuwa akiwaazima shanga vijana wa ukoo wanaoingia imbalu, tohara ya Kigisu. Wanazivaa kifuani wakicheza, siku ikipita wanarudisha. Ili asije akabadilishiwa, mama aliweka wa buluu, wa saba, kila uzi. Uzi mmoja haukurudi. Sasa mama ni marehemu, na mjukuu wake anaingia imbalu mwaka huu. Nambozo anataka avae wa bibi yake.

Kumbe miaka yote hii nimewauzia maharusi na watalii alama inayosema: mwenyewe yupo.

Nikakataa kuamini. Kuhesabu mpaka saba kila mtu anaweza, na mikufu yangu imejaa kabatini. Akasema, "Yetu ina mafundo mawili. Mama alifunga kwa mkono wa kushoto, la kwanza lilikuwa linamteleza."

Yangu yote ina fundo moja.

"Huo uzi sina," nikamwambia. Akaandika namba yake, akasema yupo kwa dada yake Mpumudde mpaka Jumamosi, akaondoka.

Nikafungua kopo lililo chini ya meza, ninamouweka ule uzi wa Mbale. Mafundo mawili.

Nimekaa nalo mchana kutwa. Nikiurudisha, lebo zote ni uongo na jirani atacheka mpaka Bugembe. Nisiporudisha, hakuna atakayejua ila mimi, na mimi ni mtu ninayejishuku kuliko wote.

Nimekata lebo zote kwa mkasi. Kisha nikampigia.

"Dada Nambozo, uzi upo. Kesho nakuletea."



"Nilijua," akasema. "Mtu asiye na kitu hutafuta kwanza. Wewe ulikataa bila kutazama."