Kutu ya Cheche

Jumatatu, 4 Machi

Mama aliomba ruhusa ya nusu siku kule anakofua, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, tukampeleka mdogo wangu zahanati. Cheche ana miaka sita tu. Meno matatu yameoza! Na minyoo tena, mara ya pili tangu mwaka uanze.

Nesi hakugomba. Bora angegomba. Alisema kwa upole kwamba dawa atatoa, ila dawa inaisha na mtoto anarudi kwenye nyumba ileile. Akampa Mama karatasi yenye mistari mitano: kunawa mikono, mswaki mara mbili, maji badala ya soda, matunda, kulala mapema. Kila siku unaweka tiki. Chini kabisa: Wazazi, fanyeni pamoja na mtoto.

Mama akaguna. Njiani akauliza, pamoja saa ngapi? Yeye anatoka kabla ya jua, Baba anarudi jua limezama. Kisha karatasi ikaja mkononi mwangu. "Shule umemaliza, mwanangu. Matokeo hayaji haraka kwa kuyasubiri. Mshike mdogo wako."

Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo. Sijawahi kumwamrisha mtu yeyote kitu chochote. Na kama meno yataendelea kuoza, sasa kosa ni langu.

Jumatano, 6 Machi

Cheche amenishinda. Asubuhi alinitemea dawa ya meno kwenye sketi, akakimbia kulizunguka tangi la maji. "Wewe si Mama! Wewe si Mama!" Majirani wanasikia. Nikarudi ndani.

Jioni Baba akaja na soda mbili. Nikamwonyesha karatasi kwa kidole, maneno hayakutoka. Akasema nusu tu, mtoto naye ana roho. Yeye akamaliza ya kwake kwa mikupuo mitatu.

Mama aliitazama karatasi kabla hata ya kuvua viatu. Haina tiki hata moja. Akauliza: kwa hiyo tungoje mpaka meno yang'oke yote?

Hakupaza sauti.

Alhamisi, 7 Machi

Imewezekana! Bado siamini.

Mchana tulimpelekea Baba chakula karakana, anakotengeneza mafriji. Kulikuwa na friji kubwa jeupe limelazwa ubavu, linang'aa kama jipya. Mwenyewe, mama mmoja mwenye duka la vinywaji, alikuwa anabisha kwamba halina miaka mitano. Baba akachukua bisibisi, akaigusa sehemu ya chini. Bisibisi ikazama! Bati likameguka kama biskuti, unga mwekundu ukamwagika sakafuni. Baba akamweleza: ni maji haya, mama. Kidogokidogo, kila siku, yanakaa ndani huyaoni. Kutu inakula kimyakimya mpaka chini panatoboka.

Cheche alisimama mdomo wazi. Sijawahi kumwona ametulia vile.

Ndipo maneno yakanitoka. Nilimshika bega, nikainama, nikamwambia: umeona? Hivyo ndivyo anavyokuwa mtu asiyepiga mswaki. Kutu inaanza kwenye meno, inashuka tumboni, inakula ndani, siku moja unatoboka.

Baba akacheka. "Mwalimu mpya huyo!"

Usiku hakuambiwa na mtu. Alipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Akanawa mikono mara mbili. Akalala. Nikaweka tiki nne.

Jumapili, 10 Machi

Tiki zote tano, siku tatu mfululizo. Hata maji! Namjazia kikombe chake cha bluu, nikigeuka kimekwisha. Namjazia tena, kimekwisha.

Mama ameibandika karatasi ukutani kwa gundi, pale mgeni anapoingia. Jirani akaja kuomba kibiriti, akauliza siri ni nini, wa kwake hawashikiki. Mama akamjibu kwamba huyu dada yake ni mpole lakini ana mkono wa kulea. Nilikimbilia jikoni. Nilitabasamu peke yangu mbele ya sufuria.

Cheche ameuliza mbona Baba hanywi maji. Kweli, hanywi. Chai ya rangi na soda tu, toka nimjue. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akasema amemuuliza, Baba amecheka.

Jumatano, 13 Machi

Midomo ya Cheche imepasuka. Nimempaka mafuta. Nadhani ni joto.

Leo hajataka kucheza. Alikaa kizingitini ameshika tumbo. Nikamuuliza linauma? Akatikisa kichwa, haliumi. Chooni alikaa muda mrefu, akatoka analia bila sauti. Nilichungulia baada yake. Mkojo kidogo tu, rangi kama chai iliyochemka sana.

Sijui ni kitu cha kumwambia Mama au la. Amerudi amechoka, mikono imebabuka kwa sabuni, ameitazama karatasi na uso ukamlegea kwa raha. Ningeanzaje?

Ijumaa, 15 Machi

Baba alitaka kuosha sakafu ya karakana. Akavuta mabuti yake ya mvua nyuma ya mlango wa nyumba, akaingiza mguu — chubwi! Maji yakaruka mpaka magotini. Yamejaa! Yote mawili! Yananuka, na viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani.

Baba akatazama dari. "Paa linavuja? Mvua ipi, na huu ukame?" Akachukua ngazi, akapanda juu kukagua bati, mguu mmoja umelowa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia, fundi wa mafriji, umegeuza buti lako friji!

Mimi sikucheka. Nilimtazama Cheche. Alikuwa ametazama chini, anauma ukosi wa gauni.

Kikombe cha bluu. Siku nane alikuwa anakimwagia humo.

Sikusema kitu. Mungu wangu, sikusema kitu.

Jumamosi, 16 Machi

Nilimchukua Cheche nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Nikamuuliza. Alikataa, akakataa, halafu akasema yote kwa mkupuo mmoja: maji ndiyo yanaleta kutu. Baba alisema mwenyewe. Yanakaa ndani huyaoni. Na Baba anajua, ndiyo maana yeye hanywi! Maziwa hayana kutu. Machungwa hayana. Maji tu. "Na meno yangu yameshaanza, dada. Mimi nimeshaanza."

Amekuwa akiishi na hilo tangu Alhamisi ile. Peke yake. Usiku nikidhani amelala mapema, alikuwa anajibonyeza tumbo kuona kama limelegea.

Nikamwambia mtu si friji. Akalibonyeza tumbo lake.

Kisha akaniomba nisimwambie Mama, Mama atalia. Na mimi — aibu naandika — nilifurahi kwamba ameomba. Nikaahidi. Nimemkamulia machungwa manne, akanywa yote. Nikajiambia nitamrudisha taratibu, leo machungwa, kesho nitayachanganya na maji kidogo, wiki ijayo itakuwa imepita na hakuna atakayejua.

Mstari wa maji umebaki wazi. Mama akauliza kulikoni. Nikasema nimesahau kuweka tiki. Nikaiweka. Mbele yake.

Jumapili, 17 Machi

Homa. Inapanda tangu mchana. Anasema kukojoa kunachoma. Hataki hata machungwa — ameniona nikiongeza maji. Sasa hataki kitu chochote kinachotoka mkononi mwangu.

Mama anasema ni mafua. Baba amekwenda kutafuta dawa.

Sema. Sema sasa. Mdomo haufunguki.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nikiwa zahanati, kwenye kiti cha pembeni ya kitanda. Nisipoandika nitapiga kelele.

Alfajiri Cheche alisimama kitandani, macho yakageuka, akaanguka. Mama alimbeba mgongoni mpaka hapa, kilemba kimedondoka njiani na hakurudi kukiokota. Mimi nilikimbia nyuma na viatu vyao.

Nesi yuleyule. Akamvuta ngozi ya mkono kwa vidole viwili, ikabaki imesimama. Akaita mwenzake. Dripu. Akasema mtoto amekauka, na njia ya mkojo ina maambukizi, figo ni za kuangalia sana. Akauliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mama akajibu haraka, vikombe vitano! Kila siku! Karatasi ipo, ina tiki, dada yake hakosi.

Nesi akageuka kunitazama. Mama naye akanitazama, bado ana ile fahari yake.

Nikasema. Sauti haikutoka. Nesi akaniambia nipaze sauti kidogo. Nikasema tena: hanywi. Nilimtisha kwa kutu. Nilijua tangu Ijumaa. Tiki ya Jumamosi ni ya uongo.

Wagonjwa wote kwenye benchi waligeuka. Nilisubiri kofi. Ningelipokea. Mama hakuinua mkono. Alikaa pale ukingoni mwa kitanda akatazama mikono yake iliyobabuka, kisha akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anazungumza na mikono, kwamba karatasi ilisema wazazi, na yeye alinipa mimi, mtoto.

Hilo limeniuma kuliko kofi.

Dripu imeisha saa nne. Nesi amesema haitoshi kumtilia kwa mshipa, ni lazima anywe mwenyewe. Asipokunywa mpaka saa nane mchana, anaita gari la hospitali kubwa. Akatuambia pia tusimlazimishe, tusimshike pua, tusimtishe tena. Tukae naye, tunywe naye. Akaleta jagi la maji na vikombe vinne vya plastiki, akaondoka.

Baba, aliyeitwa kazini usiku, akafika na ovaroli yake, harufu ya gesi ya mafriji. Mama alimweleza mlangoni. Akaja, akachukua kikombe, akakinywa chote. Baba! Akakunja uso kama mtu aliyemeza dawa, akajimiminia cha pili, akakinywa, cha tatu. Maji yanamtiririka kidevuni.

Cheche akapiga yowe. "Baba acha! Baba utatoboka!" Akanyoosha mikono kukinyakua kikombe, sindano ikakaribia kuchomoka. Ilibidi Mama amkumbatie. Baba akasimama na kikombe, machozi yamemjaa, hajui akiweke wapi.

Mama akanipa nafasi kitandani. Nikajua ni zamu yangu.

Nikamshika bega Cheche. Nikainama. Nikamwambia, nilikudanganya, mdogo wangu. Mtu hana kutu. Nilitaka upige mswaki tu, sikujua njia nyingine. Maji ni mazuri. Kweli kabisa.

Alinitazama usoni, sehemu baada ya sehemu. Nyusi, macho, mdomo. Midomo yake imekauka mpaka inagandana, alipoifungua ilisikika.

"Siku ile karakana," akasema, "ulikuwa hivihivi. Ulinishika hapahapa."

Nikaliachia bega lake.

Saa saba na robo. Mama ameshika kikombe chake, Baba yupo kwenye cha nne, cha kwangu kipo mapajani na daftari. Wamekunywa, nimekunywa. Cheche anatuhesabu kwa macho, mmoja mmoja, anatazama matumbo yetu.

Nesi amepita dirishani, ameangalia saa yake. Baba amesogeza kiti. Kikombe cha Cheche kipo kwenye meza ndogo, kimejaa mpaka ukingoni, na hakuna kati yetu anayethubutu kumsogezea.