Karameli Isiyotaka Kushuka

Jumatatu, 4 Machi

Mpwa wangu kaingia mbio chumbani kwangu huku uani, hata hodi hakupiga. Jumamosi mama wa mchumba wake anakuja kula chakula cha jioni — mara ya kwanza! Mama huyo ni fundi cherehani, mgumu kuliko jinzi mpya. Ameshawakataa wasichana wawili walioletwa na mwanawe. Mpwa anataka kitindamlo rahisi lakini chenye hadhi. "Mjomba, si wewe ulipika hotelini?"

Nikamwambia amefika penyewe. Nilipikia mawaziri wakatoa machozi, mmoja akabebwa! Na mle jikoni nilikuwemo, hilo halina ubishi. Nilikuwa napiga plasta kuta zake, sawa, lakini macho sikuyapiga plasta. Mwezi mzima nilimtazama mpishi mkuu akipindua karameli kwenye sahani. Hicho ni chuo.

Mpwa tayari kamtangazia mama mkwe kwamba mjomba ni mpishi wa hoteli. Safi.

Jumatano, 6 Machi

Nimejaribu. Kazi ndogo! Unaunguza sukari mpaka ipate rangi ya asali, unaimwaga ndani ya bakuli, chini kabisa. Juu yake maziwa, mayai yaliyopigwa, vanila. Unafunika, unaliweka bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Ikipoa, unapindua. Inasimama kwenye sahani inang'aa, sharubati yake inatiririka pembeni.

Nilipindua. Haikusimama. Ilikwenda — mezani, sakafuni, hadi kizingitini.

Dada yangu, mamake mpwa, akachungulia. "Kaka, hiki ni kitindamlo au mafuriko?"

Nikamwambia hiyo ni ya kunywa, matajiri wanaipenda hivyo. Akaenda kuchukua tambara la kudekia. Akasema Jumamosi nikimwaibisha mwanawe, nitahamia kwa hao matajiri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewaza kifundi. Kitu kikianguka, ujue mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Sijaona mimi ukuta ulioanguka kwa kuzidi saruji! Basi: mayai mara mbili, maziwa nusu, unga wa kastadi vijiko vya mlima. Na jelatini pakiti nzima — hiyo ndiyo nondo yake.

Rafu ya friji nimeiwekea pimamaji. Imeinama! Watu wanaishi tu. Nimeitia kabari ya kadibodi.

Ijumaa, 8 Machi

Imeganda. Nimeitikisa — kimya. Nimeibonyeza — imenibonyeza.

Mpwa kaitazama, kauliza mbona haichezichezi kama zile za kwenye simu. Nikamwambia zile zina njaa. Akacheka, ila macho hayakucheka. Akasema taratibu, "Mjomba, huyu kijana nampenda kweli."

Nikalirudisha bakuli frijini bila kuongeza chumvi. Mimi!

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haraka. Wageni wapo.

Chakula kilipita salama. Mama mkwe hakusifu wala hakukosoa, alitafuna tu kama anakagua mshono. Nikaingia na bakuli, shati jeupe, kitambaa begani. Nikagusia kidogo habari za mawaziri. Nikafunika bakuli kwa sahani, nikapindua — hap!

Hakuna kitu.

Nikagonga kitako cha bakuli kwa kijiko. Nikatikisa. Nikapiga konde kama nanyoosha fremu ya dirisha. Kijana akasema labda tusaidiane kuvuta, mpwa akamfinya. Nikatangaza kwamba hotelini hii tunaiacha ipumue kwanza. Nikarudi nayo jikoni, nikaitia kwenye maji ya moto, nikapitisha kisu pembeni. Wapi! Imeng'ang'ania kama vigae vyangu vya bafuni.

Kugeuka — mama mkwe huyu hapa! Kavuta kigoda, kachukua kijiko, kaanza kuchimba humo humo bakulini. Kijiko cha kwanza akafumba macho. Cha pili. Cha tatu! Mpwa nyuma yake kaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ngumu," akasema. "Lakini tamu. Nyingine zinayeyuka hata hujajua umekula nini. Hii unajua."

Mpwa akashusha pumzi, nadhani hadi jirani alisikia.

Halafu mama mkwe akaninyooshea kijiko. "Wale wasichana wengine unajua walinishinda nini, kaka? Uongo. Vitu vidogo vidogo tu, lakini uongo. Sasa niambie kweli. Ulipika hotelini?"

Dada yangu, mlangoni, akaanza kukohoa. Mpwa kanikazia macho. Nikasema ngoja nilete vijiko vizuri chumbani kwangu.

Nani anaweka vijiko chumbani? Ndiyo niko hapa kitandani, mlango nimefunga. Shida ya huo ukweli ni ufupi wake. Nilipiga plasta. Maneno mawili! Mtu mzima atasimamaje mbele ya wageni na maneno mawili?

Nasikia hatua uani. Ni mama mkwe, bado anakwangua bakuli, kaja nalo! Anagonga.

"Kaka?"

Nimemjibu kupitia mlangoni: Hoteli ipi, dada? Maana zilikuwa nyingi.

Kijiko kimenyamaza.

Sasa ni sauti ya mpwa. "Mjomba. Tafadhali."

Mkono mmoja unaandika, mwingine unavuta komeo. Ni maneno mawili tu, nakwenda kuyasema.